Namna Mabukwe Alinifundisha Kungoa Majani

Mimi nilikulia Murara, pahali ukichimba kidogo tu unakuta jiwe ya volkano. Mambo ya mizizi nilikuwa naijua kwa sahani: muhogo na karoti. Masomo niliachia katikati ya sekondari, mbele ya kufika kwenye mimea, ao pengine siku ile nilikuwa nimelala. Sasa fikiri mutu kama huyo anaambiwa aokoe malisho.

Malisho ilikuwa ya mabukwe, mama ya bibi yangu niliyeoa, kule Kibumba. Ngombe tatu, ukuta ya mawe kuzunguka. Ndani mulikuwa mumeingia majani moja mubaya, pana kama sikio ya ngombe, na ngombe wenyewe hawaiguse. Unakata leo, mwaka kesho iko palepale, inakula nafasi ya majani mazuri. Mabukwe magoti ilikuwa inamuuma, na jirani mwenye kulima viazi alikuwa anataka ile udongo sana.

Mabukwe akatuma bibi yangu aniambie: "Mukwe akinisaidia kumaliza ile majani mbele ya Noeli, ngombe watabakia. Akishindwa, nitawauzisha, shamba niachie mutu ya viazi."

Nikauliza juu ya dawa ya kupuliza. Jibu ilirudi mbio: "Ngombe wanakula, wajukuu wangu wanakunywa maziwa. Mimi sipulize."

Sasa, kwetu mukwe hasimamake uso kwa uso na mabukwe. Ni heshima. Siku ya kwanza yeye akatangulia, mimi nikafuata mbali, macho chini. Kila nikiiba macho, naona mugongo tu: inainama, inanyooka. Nikajiambia, kuinama na kunyooka, hiyo naweza. Kesho yake magoti yakamukatalia, nikabaki peke yangu na jembe. Nikakatakata mizizi, nikaacha vipande papo hapo. Vichwa vyenye mbegu nikatupia mu mbolea ya ngombe, kisha nikamwaga mbolea malisho nzima. Nilijiona injenieri.

Mvua ikanyesha wiki kadhaa. Pale nilikata moja, tano zikasimama. Hata kona zenye zilikuwa safi, mbolea yangu ilizipelekea mbegu.

Bibi yangu alicheka mpaka akakaa chini. "Papa, ulikuwa unangoa ao unapanda?"

"Nilifanya kama mama yako!"

"Uliona mikono yake?"

"Mikono ya mabukwe naangalia namna gani? Unataka wanifukuze?"

Kumbe mabukwe alikuwa nyuma ya ukuta, amesikia yote. Akaingia, akaja mpaka mbele yangu, akanitazama usoni. Nikatafuta pa kukimbilia.

"Mukwe," akasema, "leo heshima ipumzike. Chuchumaa, uone."

Alikuwa na kipande ya ferabeto, ile chuma ya kujengea nyumba, ncha imepondwa ikakuwa pana. Akaisukuma kando ya shina, udongo ukiwa laini ya mvua, akainua pole pole. Muzizi ikatoka nzima, ya manjano, ndefu kama mukono wa mutoto. Akakunguta udongo, akaitia mu mufuko. Hata kipande moja haikubakia chini. Mu shimo akatupa mbegu ya majani mazuri, akakanyaga na kisigino. Vichwa vya mbegu vilienda kwenye moto. Mizizi akaitandika juu ya mawe ya ukuta, jua iikaushe.

Magoti ile mbovu, na bado alinipita mbali. Mimi kila mizizi kumi nilikuwa naomba maji. Yeye hakuomba kitu. Nikingoa vibaya, muzizi ikikatika, alikuwa anasikia ule mulio mudogo, anasema bila kugeuka: "Rudilia." Maprofesa wangu wote hakuna aliyeniambia "rudilia" na mimi nikarudilia. Yeye akisema, nilirudilia.

Tulifanya vile kila mara kisha ya mvua, miezi miwili. Mbele ya Noeli jirani ya viazi akaja kuuliza. Malisho haikukuwa safi kabisa, kona moja ilibakia. Lakini mu mashimo majani mazuri yalikuwa yameota, na ngombe wote watatu walikuwa wameinamisha vichwa.

"Viazi utatafutia pengine," mabukwe akamwambia. "Ngombe wanabakia. Niko na mutu wa kuangalia hapa."

"Mutu gani?"

Akanyoosha kidole. "Yule wa matope."

Jirani akaniangalia toka kichwa mpaka miguu. Mimi nikachimba mbio mbio, ili asipate wasiwasi kama mutu mwenyewe ni mimi.