Noti Kwenye Paji la Uso

Enzi zetu za lockdown, wenzangu mliokulia Guildford, huku ughaibuni, mtakumbuka, shule ilikuwa mezani, kando ya sufuria ya sombe, kisamvu chetu. Vijana wa leo wanafanya mazoezi ukumbini, kwenye viti vya sponji, na bado wananung'unika! Mimi nilipigia fidla yangu jikoni, maana huko ndiko wifi ilikoshika.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Okestra ya shule ilipewa muziki uliotungwa kutokana na mchezo wa kuigiza wa zamani sana, wa mzee anayekanwa na watoto wake. Baba akirudi kutoka kazini, ghalani Lidcombe, alama ya barakoa bado usoni, alikaa kunisikiliza. Nilimsimulia kisa chote. "Bale batoto beko babaya," alisema kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, akatikisa kichwa.

Siku ya onyesho tulipiga kwa zamu, kila mtu kwao, mbele ya kompyuta. Sehemu yangu ilikuwa pale mzee anapolia peke yake. Nikapiga. Ghafla Baba akaingia kwenye picha na singlendi yake, machozi yanamtoka, anacheza polepole, akanibandika noti kwenye paji la uso. Kwetu Bukavu mpiga muziki akikugusa moyo ndivyo unavyomtuza. Lakini noti za huku ni za plastiki, ikateleza. Akailamba, akaibandika tena. Na korona ile!

Wenzangu walicheka hadi wakazima kamera. Mwalimu akauliza kwa upole huyo ni nani.

"Just our neighbour," nikajibu. Jirani! Wakati hata kutembeleana kulikuwa marufuku.

Neno hilo Baba alilijua. Kwenye darasa la Kiingereza la wageni, Fairfield, walifundishwa wiki ya kwanza. Aliokota noti iliyokuwa imeanguka tena, akaiweka mezani taratibu, akatoka. Mama aliniambia tu, "Mkana kwao mtumwa," akarudi kwenye sombe yake. Sikumwomba Baba radhi siku ile, wala kesho yake. Naona haya hata kuandika.

Siku hizi napiga ukumbini, mbele ya watu waliovaa vizuri. Baba huja na suti yake ya kanisani, hukaa safu ya mwisho, hupiga makofi wengine wakishaanza. Mara ya mwisho nilimwona kutoka jukwaani akitia mkono mfukoni, akatoa noti. Nikainua uso, nikamngoja. Akaikunja, akairudisha.