Mabega Mawili

Nilianza kutumia kompyuta katika ushonaji kwa sababu ya mgongo. Miaka kumi na tisa nilikuwa nimeinamia meza ya kukatia katika duka letu la mtaani Muhima, nikichora nguo za watu kwa chaki, mpaka asubuhi moja nikashindwa kunyooka. Daktari akaniambia nipunguze kuinama. Nikamjibu kwamba mimi ni fundi nguo, si karani. Akacheka, lakini hakubadilisha neno lake.

Binamu yangu ndiye aliyeniwekea programu ya kuchora nguo. Unaandika vipimo vya mteja, yenyewe inachora vipande vya nguo, unachapa karatasi, unaziunganisha kwa gundi, unakata. Sketi zilitoka vizuri, na mashati ya shule pia. Nilifurahi.

Kisha akaja mwalimu mstaafu, mteja wetu tangu baba yangu alipokuwa fundi wa duka hilo. Mgongo wake umepinda tangu utotoni, na bega la kulia liko chini kuliko la kushoto. Mjukuu wake alikuwa anaolewa, naye alitaka gauni la kitenge cha bluu. Nilimpima, nikaingiza namba, nikakata, nikashona. Alipolivaa mbele ya kioo, upande wa kulia ulining'inia kama gunia. Alijitazama kidogo, akasema kwa upole, "Haidhuru, mwanangu. Nitajifunika shali. Nitazoea."

Hilo "nitazoea" liliniuma. Baba alimshonea miaka yote na hakuwahi kuhitaji shali. Alipima kila bega peke yake, akanifundisha na mimi hivyo hivyo. Mimi ndiye niliyeacha, kwa kuwa programu ilikuwa na nafasi ya bega moja tu. Ilichora nusu ya mtu, halafu ikaigeuza nusu hiyo kuwa upande wa pili.

"Usilichukue," nikamwambia. "Nipe wiki mbili."

"Harusi iko karibu, unajua."

"Najua, Mwalimu."

Lakini sikujua nitafanya nini. Kesho yake akaingia mteja mwingine, mwanamke aliyekulia Kampala, anayefanya kazi ya kuandika programu katika ofisi moja ya Kacyiru. Alinikuta nikiigombeza kompyuta.

"Imekukosea nini?"

Nikamweleza. Akavuta kiti, akabonyeza hapa na pale, akageuka kunitazama.

"Dada, hii ni programu huria. Ndani yake iko wazi. Wenye kuitengeneza wamemruhusu mtu yeyote kuingia abadilishe. Si wewe utaifuata, yenyewe ndiyo itakufuata."

"Mimi hata barua pepe ni ya kusaidiwa."

"Kompyuta niachie mimi. Nionyeshe tu, wewe unapimaga aje?"

Nikamsimamisha, nikampima kama baba alivyopima. Kutoka mfupa wa shingo, bega la kushoto, bega la kulia, kisha kila kwapa, ndipo mgongo. Aliandika kila hatua kwenye daftari. Kwa nini naanzia shingoni? Kwa nini naacha kidole kimoja chini ya tepu? Hakuna aliyewahi kuniuliza hayo, na majibu mengine sikujua kwamba ninayo mpaka niliposikia sauti yangu ikiyatoa.

Alikuja Jumamosi mbili. Ya kwanza, programu ilichora mkono wa gauni ukatokea shingoni, tukacheka mpaka jirani yetu wa duka la viatu akaja kuchungulia. Ya pili, kila upande ulipata bega lake. Na maneno ya Kiingereza yalikuwa yameondoka. Niliona "bega la kushoto", "bega la kulia", yakifuatana kama mkono wangu unavyotembea mwilini mwa mteja.

Mwalimu alipokuja kujaribu gauni jipya, nilipiga magoti kubana pindo, nikaogopa kuinua macho. Aliinua mkono, akaushusha. Akageuka upande.

"Hili ni la baba yako," akasema.

"Ni langu, Mwalimu."

Akalipapasa bega la kulia. "Yego," akasema, "ndiyo, ni lako." Alikataa kulivua, akatoka nalo barabarani.

Yule wa Kacyiru aliwapelekea mabadiliko yetu watengenezaji wa programu, watu ambao hatujawahi kuwaona. Walituuliza maswali kwa wiki kadhaa. Mwishowe walikubali mabega mawili, lakini mpangilio wangu wa kupima waliukataa, nami nikakasirika.

"Mbona unakasirika?" akaniuliza. "Mabega ni ya watu wote. Mpangilio ni wako, baki nao kwenye kompyuta yako. Hakuna atakayekunyang'anya."

Nilipofikiri vizuri, nikaona yuko sahihi.

Alinifundisha kidogo kidogo, na siku hizi naingia ndani ya programu mwenyewe. Mwezi uliopita alikuja mama mjamzito kutoka Gahanga, akitaka gauni litakalokua pamoja naye. Nikajaribu kuongeza nafasi ya tumbo, programu nzima ikagoma kufunguka. Nilikaa nayo asubuhi yote, nikisoma mstari baada ya mstari kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka, mpaka nikaona koma moja imekosekana. Nikaiweka. Mchoro ukatokea, wenye tumbo. Nilikunywa chai yangu iliyokwisha poa, nikamwita yule mama aliyekuwa akingoja nje aingie.