Setilaiti imeona bwawa shambani kwangu

Leo nimeitwa mwizi wa maji. Na shahidi yuko angani!

Asubuhi afisa wa maji kafika kwangu hapa Masukulu, simu mkononi, kanionyesha picha ya setilaiti.

"Baba Tumaini, una bwawa katikati ya migomba, na kibali huna. Ndiyo maana kijito kimepungua huko chini. Inabidi ulibomoe."

Jirani yangu Mama Atu, anayechota kijito hichohicho, kajishika kiuno. "Kumbe ni wewe!"

Jamani. Mimi nakodisha maturubai ya harusi na misiba. Nilianza na moja, sasa ninayo sita, yote ya bluu. Kila yakitoka kwenye shughuli nayafua, nayatandaza kwenye uwazi wa shamba yakauke. Kila moja ni mita kumi kwa sita. Pigeni hesabu: mita za mraba mia tatu na sitini za bluu.

Hilo ndilo bwawa!

Nikampeleka akaone. Yalikuwa yametandazwa. Akapanda juu kuyakagua, kasahau kwamba huku Rungwe mvua haiombi ruhusa. Ya jana ilikuwa imetuama katikati.

Kateleza. Kakaa kitako, maji mpaka mifukoni.

Mama Atu kacheka hadi kakumbatia mgomba. "Ndaga, asante baba! Bwawa lipo!"

Afisa kainuka anachuruzika. "Nitaandika ni maturubai, mzee."

Nimepona. Ila mengine nanunua mekundu.

Nyie wa Ibighi na Suma, mnaonaje, watanitumia zimamoto?