Mgonjwa Ni Huyu

Jumanne nilikuwa kwenye kliniki moja katika mtaa wa Hurlingham, nikingoja kupimwa presha. Mbele yangu kwenye foleni walikuwa mama mzee na binti yake wa makamo, aliyemshika mkono bila kumwachilia. Mama alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Kila baada ya dakika mbili aliuliza, "Tunaenda wapi?" Binti alijibu kwa sauti ileile ya upole, "Kwa daktari, mama."

Walipofika kaunta, nesi aliuliza, "Mgonjwa ni nani?"

Mama akamnyooshea binti yake kidole. "Ni huyu. Jina lake sijui, lakini amechoka sana. Anzeni na yeye."

Nesi alitaka kucheka, kisha akamtazama binti vizuri, akaweka kalamu chini. Binti aliinamia kaunta akalia. "Hata kuoga siwezi, sista. Nikifunga mlango tu, yeye anatoka nje."

Foleni nzima tulikuwa na akili timamu, na hakuna aliyekuwa ameona alichoona mama yule.

Nilijitolea kukaa na mama hadi waitwe, binti apumzike. "Kweli? Dakika kumi tu," binti akaniambia, na kabla sijajibu alikuwa amelala kwenye benchi, amekumbatia mkoba.

Mama akaniuliza tunaenda wapi. Nilimjibu vizuri mara tatu. Mara ya nne, sauti yangu ilikuwa imeanza kukwaruza. Nesi alipowaita, nilimwamsha binti kwa furaha ambayo bado naionea haya.