Jinsi koma ilivyotaka kuniharibia miiko ya harusi Wamunyu

Niaje wakuu. Hii nawapea vile ilitokea. Chumvi mtaionja wenyewe, lakini ugali ni wa ukweli.

Mimi juzi tu nimemaliza kozi ya kompyuta, night school, hapa Machakos town. Cheti kiko ukutani. Fremu yake ni kubwa kuliko TV yetu. Kitu ilikuwa imebaki ni kazi tu.

Sasa kuna mchongaji mmoja kule Wamunyu, Fundi Kioko. Alinunua mashine ya kuchonga maandishi kwa mbao, second-hand, kuukuu ajabu, nafikiri ndiyo ilichonga mlango wa safina ya Nuhu. Alikuwa anatafuta mtu wa kuiendesha.

Akaniambia, "Kuna oda ya miiko ya harusi. Ikitoka sawa, kazi ni yako. Ikiharibika, rudi town na fremu yako."

Oda ni ya Mama Mwende, chairlady wa chama cha akina mama. Binti yake anaolewa Jumamosi, na kila mgeni apewe mwiko wa ugali umechongwa jina lake na kwao. Majina alikuwa ameyaandika kwa simu: jina, koma, kwao. Mstari kwa mstari.

Hiyo wakuu inaitwa CSV. Koma ndiyo ukuta kati ya kitu na kingine. Nikaona raha. Nikaiweka kwa mashine vile ilivyokuja, nikabonyeza, nikakunja mikono kama injinia wa Konza, ule mji wa teknolojia.

Mwiko wa kwanza ukatoka hivi, jina juu, kwao chini:

Wanza wa Nduku,Masii
Mutua, wa Ka

Wa pili nao:

londu,MwalaMutua, wa
Syokau,Wamu

Mama Mwende alishika mwiko wa kwanza, akauangalia, akaniangalia.

"Wee wa night, Wanza ako na bwana yake Masii. Huyu Mutua ameingia hapa saa ngapi?"

Fundi Kioko alicheka mpaka mbuzi wa mlima wa Lukenya, mbali kule, wakainua vichwa. Kisha akaangalia mbao zake zilizoharibika. Mimi nikaangalia barabara ya town.

Kumbe hiyo mashine haijui koma ni nini. Inahesabu tu. Herufi ishirini za kwanza ni jina, kumi na mbili zinazofuata ni kwao, halafu inaanza mtu mwingine. Hata mwisho wa mstari haiutambui.

Hii ndiyo fixed-width. Fikiria viti vya kanisa. Kila mtu ako na kiti chake, na asipokuja, kiti kinabaki wazi, hakuna kusongea. Jina likiwa fupi, unajaza nafasi tupu mpaka ishirini itimie.

Nikafungua Excel. Nikakata kwa koma, nikachukua kila jina, nikalibandikia nafasi tupu nyuma, nikalikata kwa ishirini. Formula za LEFT na REPT, wanajua wanaojua. Kwao nayo kwa kumi na mbili. Nilikuwa nachapa mpaka keyboard inatoa moshi.

Safari hii nikajifunza adabu. Kabla ya kuchonga, nikamwita Mama Mwende aone kwa screen.

Akasoma. "Mutua. Wa Kalondu." Akanigeukia. "Kwani huko wa Kalondu ni location gani? Huyu ni wa Mwala!"

Mnaona shida? Huku kwetu Mutua ni wengi kuliko mawe ya Lukenya. Ukiita Mutua sokoni, soko linasimama. Kwa hivyo mtu anatajwa na mama yake. Na Mama Mwende aliandika vile anaongea: Mutua, wa Kalondu, Mwala. Koma mbili. Excel ikamkata mama kutoka kwa jina la kijana wake, ikamfanya kijiji.

"Na hiyo koma ya katikati ni ya nini, mwaitu?" nikamuuliza, yaani mama kwa lugha yetu.

"Ni ya kupumua! Wewe huongea bila kupumua?"

Nikatafuta njia ya mkato. Nikasema, basi tuandike Mutua tu.

Wakuu, Mama Mwende akaweka simu chini.

"Mutua tu," akasema polepole. "Na mama yake akae wapi?"

Hapo ndipo akili ya night school iliwaka kama taa za stadium. Mama akae na mtoto wake! Kijiji siku zote kiko mwisho. Kwa hivyo usikate kwa koma ya kwanza. Kata kwa koma ya mwisho, hizo zingine ziache ni pumzi ya Mama Mwende.

Nikaandika formula ndefu kama reli ya Mombasa. Mashine ikakohoa, ikaanza kuchonga:

Mutua, wa Kalondu
Mwala

Pamoja na koma yake! Nilipiga kelele, Fundi Kioko akadhani nimekatwa kidole.

Jumamosi harusini kila mtu akapata mwiko wake, na hakuna Mutua alichukua wa Mutua mwingine. Huyu wa Mwala alikuja na mama yake, Kalondu mwenyewe. Mama akashika mwiko, akapitisha kidole kwa jina, akafika kwa lake. Akauweka kwa kiondo.

"Mama, huo ni wangu," Mutua akasema.

"Soma tena. Wewe ni wa nani? Basi hata mwiko ni wa Kalondu."

Fundi Kioko alinitupia ufunguo wa workshop kutoka upande ule mwingine wa hema. Nikaudaka kwa mkono ulioshika chapati.

Funzo langu: kabla ya kubadilisha faili, uliza mwenyewe kila alama ameiweka ya nini. Na wa kupokea, kama hiyo mashine, uliza anahesabu ama anatafuta ukuta.

Ule mwiko wa Wanza na Mutua niko nao nyumbani. Unasonga ugali vizuri sana, koma na yote.

Haya, wewe koma ilikufanyia nini? Leta, viti viko wazi.