Gazeti Lililomzika Mume Wangu

Juni 1983, hapa Bunia, tulizika mgomba.

Sitanii. Shina la mgomba, limekatwa kwa urefu wa mwanaume, limevishwa shati jeupe na suruali ya kupigia gitaa, likalazwa ndani ya jeneza. Wanaume wanne walilibeba hadi makaburini. Mimi nilikuwa nyuma, kichwa kimenyolewa, nalia hadi sauti ikakauka.

Huyo mgomba alikuwa mume wangu.

Wazee wa upande wake, watu wa Mahagi, walisema mtu aliyeliwa na ziwa asipopewa kaburi atatangatanga. Mwili haukupatikana, basi mgomba ukachukua nafasi yake. Mimi nani nibishane na wazee? Nilikuwa mjane wa miaka thelathini na mbili.

Leo nina simu mkononi na mvi kichwani, na wote niliokuwa nawaonea haya wameshakufa. Wamekufa kweli, si kwa karatasi. Kwa hiyo nasimulia.

Naitwa Marcelline. Nilikuwa dactylo, mpiga mashine, kwenye gazeti la muziki lililoitwa Kamba Sita.

Mkisikia gazeti msifikirie mambo makubwa. Zilikuwa kurasa kumi na sita zilizobanwa kwa pini mbili, zimetoka kwenye ronéo, ile mashine ya kuchapa unayoizungusha kwa mkono. Mimi napiga maneno kwenye stencil, karatasi ya nta. Herufi inatoboa nta, wino unapita kwenye tundu. Ukikosea unapaka dawa nyekundu inayonuka kama rangi ya kucha, unapuliza, unapiga upya.

Mwenye gazeti alikuwa Hilaire, mwalimu aliyeacha chaki mwaka 1975. Na hakuwa bosi tu. Alikuwa parrain wa ndoa yetu.

Wasio wa kwetu niwaeleze. Parrain ndiye anayesimama nanyi kanisani, na mkigombana mnakwenda kwake kabla ya kwenda kwa wazazi. Yeye ndiye anayebeba maneno mazito kutoka kwa mume hadi kwa mke. Nilimwita Parrain hata ofisini. Nilimwamini kuliko kaka yangu wa tumbo moja.

Miaka ya mwanzo gazeti lilikimbia lenyewe. Bunia nzima ilicheza nyimbo za Kilingala kutoka Kinshasa, lakini wengi wetu tulishika nusu ya maneno. Kamba Sita iliweka maneno ya wimbo upande wa kushoto, na upande wa kulia maana yake kwa Kiswahili. Wasichana walikata kurasa wakabandika ukutani. Madereva wa malori walibeba vifurushi vyetu hadi kwa wachimba dhahabu wa Mongbwalu, hadi Gety, hadi Boga.

Mume wangu Xavier alipiga gitaa la solo kwenye orchestre, bendi moja ya hapa mjini. Alichorwa kwenye jalada letu mara tatu. Nikilipiga jina lake kwenye stencil, vidole vilikuwa vinacheka.

Halafu zikaja kaseti.

Mtu anarudisha nyuma, anasikiliza mara kumi, maneno anayashika mwenyewe. Karatasi anunue ya nini?

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kamba Sita ikaanza kujitembeza.

Hilaire aliweka nyota za bahati. Nilizitunga mimi, na kila mwezi wenye nyota ya Ng'ombe walipata safari njema, kwa sababu mimi ni wa Ng'ombe. Akaweka mpira. Akaweka marafiki wa barua. Akabadilisha jina likawa Kamba Sita Nouvelle Formule, yaani mtindo mpya. Formule ilikuwa ileile, wino tu ndio ulizidi kuwa mwepesi.

Mwishoni mwa 1982 akafa muzee Gaspard, mpiga likembe, kile kinanda cha vidole gumba, ambaye hata watoto walimsahau. Tulimwandikia ukurasa mmoja kwa huruma tu. Gazeti likaisha sokoni kwa siku mbili.

Hilaire aliingia ofisini anasugua mikono.

"Marcelline, sasa nimeelewa. Watu hawatafute tena kucheza. Wanatafuta kulia."

Ndipo ukazaliwa ukurasa unaoitwa Waliotuacha.

Tatizo ni kwamba wanamuziki wa Bunia walikataa kufa. Mwezi wa kwanza tukapata mpiga ngoma wa parokia. Mwezi wa pili, mama mkwe wa fundi wa vipaza sauti. Mwezi wa tatu, nisamehewe, tulimlilia kasuku wa baa moja aliyekuwa anaimba.

Nilicheka sana siku ile. Sikujua Parrain anatafuta maiti kwa bidii kiasi gani.

Wakati huo Xavier hakuwepo. Orchestre yake ilivunjika, na Aprili 1983 akaondoka na gitaa lake akisema anakwenda kutafuta pa kupiga. Aliandika barua mbili, kisha kimya. Sikushangaa sana. Nyumba yetu ilikuwa imepoa tangu Nyankunde.

Hii ya Nyankunde naisema haraka, inaniuma. Mwaka 1981 nilipelekwa hospitali kule, mimba ya miezi minane. Tulirudi bila mtoto.

Xavier alikaa kando ya kitanda changu siku tatu, akatunga wimbo. *Tulienda siye tatu, tukarudi siye mbili.* Ulikuwa na couplet tatu, yaani beti tatu, na ndani ya ile ya tatu kuna jina tulilotaka kumpa mtoto. Tuliapa wimbo ule hautaimbwa mbele ya mtu. Haukurekodiwa. Gazetini haukuingia kamwe, na stencil zote nilizipiga mimi.

Basi, Juni ikafika. Hilaire alinikuta ofisini, ana karatasi mkononi.

"Keti, mwanangu."

"Kuna nini, Parrain?"

"Xavier. Ziwa limemuchukua, karibu na Kasenyi. Mutumbwi ilipinduka."

Nilisikia masikio yanaziba.

"Nani amesema?"

"Nimetoka kule miye mwenyewe. Wavuvi njo waliniambia. Hawakupata kitu, hata kiatu."

Macho yake yalikuwa mekundu. Alinishika mabega tukalia wote wawili. Baada ya hapo akaiweka ile karatasi mezani polepole. Ilikuwa habari ya kifo, ameshaiandika, nzuri kweli, yenye machozi kila mstari.

"Dactylo mwingine hatuna," akasema. "Umupigie bwana yako, itakuwa heshima yake."

Nikapiga. Nilikosea mara saba, nikapaka dawa mara saba. Hadi leo msichana akipaka rangi ya kucha karibu yangu, nainuka natoka nje.

Numéro ile, yaani toleo lile, ilichapwa mara nne. Malori yaliibeba kila upande.

Tukakaa matanga, tukazika mgomba, vitu vya Xavier vikagawanywa. Lakini aliyevunjika kabisa ni mama yake, Mama Honorine, aliyekuwa anauza samaki sokoni. Alisema hawezi kushika tena samaki waliokula mwanawe. Akaacha kuwauza, akaacha kuwala, mwisho akaacha kula chochote. Noeli haikumkuta. Yeye hatukumzikia mgomba.

Miaka miwili ikapita. Gazeti liliishi kwa kula wafu, na mimi nilikula nalo, maana ndiyo kazi niliyokuwa nayo.

Agosti 1985 nilikuwa nafungua barua za wasomaji. Bado kuna waliotuandikia kuomba maneno ya nyimbo za zamani. Moja ilitoka Boga.

"Bwana mukubwa wa Kamba Sita. Miye iko Mama Faida wa hapa Boga. Bwana yangu Augustin anaimbaka wimbo moja na gitaa, lakini akifika ku couplet ya tatu, anaanza kulia, anaacha. Nikimuuliza, anasema nisiulize. Inaanza hivi: Tulienda siye tatu, tukarudi siye mbili. Naomba mutie ile couplet mu gazeti, nijue kitu gani inamulizaka bwana yangu."

Nilisoma mara tatu. Nikakaa chini, juu ya rundo la magazeti ambayo hayakuuzika.

Jamani, duniani watu wawili tu walijua wimbo ule. Mmoja nilikuwa mimi. Mwingine nilimvika shati jeupe nikamfukia.

Nilimwambia Parrain nakwenda Nyankunde kupimwa tumbo. Nikapanda lori la chumvi hadi Boga.

Faida nilimpata bila shida. Alikuwa mwanamke mpole, ana mikono ya shamba, alinipa kiti na kikombe cha chai kabla ya kuniuliza jina. Nikamwambia natoka kwenye gazeti. Alifurahi akapiga makofi, akamwita binti yake mdogo aje asalimie mgeni.

"Martine! Kuya hapa, Martine!"

Kikombe kiliniponyoka.

Ndilo jina lililomo kwenye couplet ya tatu. Ndilo jina la mtoto wangu aliyebaki Nyankunde. Mwanaume aliondoka na uhai wake, akachukua wimbo wangu, halafu akachukua hata jina la marehemu wangu akampa mtoto wa mwanamke mwingine. Sikuwahi kuibiwa namna ile na wala sijaibiwa tena.

Akatokea na jembe begani. Alikuwa amefuga ndevu, lakini mtu uliyelala naye miaka tisa humkosei. Faida alikuwa ameingia jikoni kuleta kikombe kingine.

"Marcelline," akasema kwa sauti ya chini.

"Weye ulikufa."

"Siyo miye nilijiua. Siyo miye."

"Nani basi?"

Alitazama jembe lake.

"Nilimuandikia Parrain. Nilimuambia nimepata mwanamuke huku, sirudi tena, aende kukuambia polepole. Ile njo kazi ya parrain, siyo? Yeye alinijibu, kuachana haiuzike."

"Na nini inauzika?"

"Alisema kufa njo inauzika."

Nilishika ukuta. Yale macho mekundu. Yale mabega aliyonishika. Parrain hakufika Kasenyi hata kidogo.

"Na weye ulipoona gazeti? Lilifika hapa Boga."

"Nilinyamaza." Kisha akaongeza, na hili sitalisamehe hadi kaburini: "Niliona iko vizuri kwako. Mujane wanamuheshimia kuliko mwanamuke wa kuachwa."

"Mama yako alikufa juu ya ile heshima," nikamwambia. "Aliacha kula samaki, akaacha kula yote. Alikufa mbele ya Noeli ya mwaka ule ule."

Aliangusha jembe, akaanguka pale pale kwenye vumbi. Sikumwinua.

Faida alitoka mbio. "Mama, weye iko nani? Umemuambia nini?"

"Miye iko wa gazeti. Uliomba couplet ya tatu, nimekuletea."

Nikaimba. Sauti yangu ni mbaya, lakini niliimba yote, hadi kwenye jina. Faida alimtazama mtoto wake. Kisha akamtazama mumewe.

Nilirudi Bunia siku ya tatu, moja kwa moja ofisini. Nilimwambia Hilaire kila kitu, nikisubiri apige magoti, au akane, au alie yale machozi yake.

Badala yake nikaona macho yake yanawaka.

"Marcelline... hii njo numéro! Xavier amefufuka! Tutachapa mara kumi, hata kaseti haitatuweza!"

Wallahi ningekuwa na panga. Lakini nikasikia mdomo wangu unasema, "Sawa, Parrain. Nipe stencil."

Alinipa mpya tatu, akatoka mbio kwenda kuwaambia madereva wakae tayari.

Na hapa ndipo kazi yangu ilinisaidia. Stencil iliyopigwa ni ngumu kusomeka, herufi ni matundu tu kwenye nta, kwa hiyo Hilaire hakuwa na tabia ya kuzikagua. Miaka kumi alisoma gazeti lake likiwa limeshaenda. Nilipiga, nikazungusha mkono wa ronéo mwenyewe hadi bega likawaka moto, nikabana pini, nikafunga vifurushi kwa kamba. Aliporudi na madereva, vifurushi vilikuwa mlangoni. Alivipakia kwa mikono yake mwenyewe, anapiga mluzi.

Ukurasa wa kwanza ulisema hivi:

"WALIOTUACHA. Kamba Sita, gazeti la muziki. Lilizaliwa Bunia mwaka 1975. Lilikufa Juni 1983, siku lilipomzika mtu aliye hai ili lipate wasomaji. Aliyeliua ni mwenye gazeti, Hilaire, parrain wa ndoa. Huyo marehemu Xavier yuko Boga, analima maharage. Mama yake ndiye aliyekufa. Gazeti limeacha mjane mmoja, mimi niliyepiga maneno haya. Halina numéro nyingine."

Liliisha siku moja. Hadi Mongbwalu, walisema, watu walikuwa wanaazimana.

Parrain hakukosea hata kidogo. Kufa kunauzika.

Ofisi haikufunguliwa tena. Hilaire aliishi miaka mingi hapa mjini, na sijasikia ndoa hata moja iliyomwomba asimame kanisani. Wazee wa Mahagi walikwenda makaburini wakang'oa msalaba wa mgomba, wakaupeleka kwenye kaburi la Mama Honorine. Xavier hakuwahi kuja kuuona.

Mkiniuliza nimejifunza nini, nitawaambia wahenga walishamaliza: kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikitafuta ziwani miaka miwili, kumbe kilikuwa kinanishika mabega na kulia pamoja nami.

Na ukiona mtu analilia msiba wako huku karatasi ameshaiandika, usipige hata herufi moja. Muulize kwanza maiti iko wapi.