Mpanda Joka wa Kayole

Mwangangi ni mwoga, na simsengenyi, hata mwenyewe anajua. Paka akiangusha sufuria kwangu, yeye ndiye hupiga kelele upande wa pili wa ukuta. Sasa mtu huyo, akitoka kazini Donholm, huketi kuunda majoka ya vita yenye mabawa kwa ajili ya gemu ya kompyuta. Gemu yenyewe ilikuja na falme za kizungu. Yeye akaiongezea tatu za mitaa yetu, Kayole, Njiru na Donholm, kila moja na majoka yake na watu wa kuyapanda.

Kosa lake ni kwamba mpanda joka mkuu wa Kayole alimpa sura na jina la Wandera, yule wa steji ya matatu ambaye sote tukimwona twainamisha macho. Tena akamfanya mwepesi wa kushambulia, asiye na ngao. Vijana wa saiba, pale wanapokodi kompyuta, wakaipata gemu hiyo na kuipenda kupita kiasi. Siku ya Jumanne mmoja wao akaruka kitini, akapaza sauti hadi barabarani: "Wandera ameuawa! Wamemmaliza!"

Benta, mama yake Wandera, huuza sukuma wiki mkabala na saiba. Kwetu kijana wa namna ya Wandera hafi kwa malaria, hufa kwa risasi, na mama yake anajua hilo. Alikimbia bila viatu hadi stejini kutafuta maiti. Akamkuta mwanawe mzima, anakula mahindi choma, akaanguka miguuni pake.

Jioni, baada ya kuelekezwa na vijana wa saiba, Wandera akabisha kwa Mwangangi. Mwangangi akanigongea ukuta, nami, mjinga, nikatoka.

"Niaje. Ni wewe uliniua?" Wandera aliuliza polepole.

Mwangangi akajificha nyuma yangu, miwani ikamtoka.

"Beba hiyo mashine. Twende umwonyeshe mathe ni gemu tu. Amekataa kula, na amekataa nitoke, hata hapa nimemtoroka."

Njia nzima Mwangangi alinishika mkono kama mtoto wa nasari. Kwa Benta akaweka kompyuta juu ya stuli, akaeleza kwa sauti nyembamba: hili ni joka, na huyu anayelipanda si mtu, mama, ni picha. Benta hakulitazama joka. Alimtazama mpanda wake.

"Mbona kifua chake kiko wazi?"

"Ni... ni ili awe mwepesi, mama."

"Mfunike."

Mwangangi akamvisha chuma kifuani. Benta akaweka kidole shingoni. "Na hapa." Kisha kichwani. Kisha mgongoni. "Hapa ongeza. Huwa wanapigwa mgongoni."

Wandera alikuwa anaangalia ukuta.

Mwangangi akaitazama skrini. "Mama, uzito umezidi. Joka haliwezi kuruka naye sasa. Atabaki tu nyumbani."

"Abaki," Benta akasema, akashika mkono wa shati la mwanawe, wala hakuuachia.